Ziwa Lilikuwa Shwari, Mbona Ndege Ikapinduka?

Juzi pale Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, tukingoja samaki wakaangwe, video ya ndege ya majini ilizunguka meza nzima: inagusa maji, pua inazama, inapinduka. Ugali haujafika, rubani keshahukumiwa.

"Maji yalikuwa yametulia, huyo hajui kazi."

Hii ndiyo inayonikera, maana jibu liko hapa hapa ziwani. Simama ufuoni alfajiri kabla upepo haujaamka. Mawingu yako juu na yako chini, na hujui uso wa maji uko wapi mpaka mtu apige kasia. Rubani naye haoni. Anadhani bado yuko juu, kumbe maji haya hapa. Au anadhani amefika, anainua pua mapema, ndege inaishiwa mwendo hewani na kuanguka. Kwa hiyo hufunzwa kutoyaamini macho yake: pua juu kidogo, injini bado inavuta, ashuke taratibu, kama futi 150 kwa dakika, mpaka aguse. Akiweza, atue sambamba na ufuo ili mafunjo yampe kipimo. Viwimbi vidogo humsaidia. Miaka ya 1930 ndege za Imperial Airways, shirika la Uingereza, zilitua majini hapa hapa Kisumu, na tatizo la maji yaliyotulia kama kioo lilikuwa lile lile.

"Angetoa magurudumu angepona."

Kinyume kabisa. Kwa ndege inayotua nchi kavu na majini, magurudumu yakiwa chini hukamata maji, nayo hupinduka.

"Alikuwa na nafasi ya kufikiri."

Mwaka 2009, injini zote mbili zilipokufa, Kapteni Sullenberger alitua na Airbus, ndege ya abiria, kwenye Mto Hudson, New York, na watu wote 155 wakapona. Hata yeye aliulizwa kwa nini hakurudi uwanjani. Marubani waliojaribu kwenye mashine ya mazoezi ya urubani wakati mwingine waliweza, kwa kuwa waligeuza ndege papo hapo. Jaribio lilipoongezewa sekunde 35 za kung'amua kilichotokea, ndege haikufika. Sisi tulikuwa tumeitazama video mara nne, tena tumekaa.

"Uchunguzi ni wa kumsaka mkosaji."

Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinasema lengo ni kuzuia ajali nyingine, si kugawa lawama. Kesi ni shughuli nyingine.

Mvuvi mmoja aliyekuwa kimya akaomba simu. Akairudisha video nyuma, akaisimamisha kabla ndege haijagusa.

"Nionyesheni maji yanaanzia wapi," akasema.

Tukainama wote juu ya kioo. Mawingu matupu.