Matela nene haiko njo matela ya joto

Hapa Goma batu bengi bakipanga kupanda volkano ya Nyiragongo banatafuta matela ya kupuliza yenye kuwa nene sana, banawaza ya kama unene njo italeta joto. Hapana bandugu. Kule juu ni karibu metre 3470, usiku baridi ni kali kabisa, na hewa yenye iko ndani ya matela inazunguka inapeleka joto ya mwili chini kwenye mawe, unaamuka unatetemeka ata kama uko na kuvertire tatu, juu ile umelalia imebonyezeka haishike tena joto.

Chenye unapashwa kuangalia ni namba R, inaonyesha vile matela inazuia joto kupotea. Ya kupuliza yenye haina kitu ndani mara mingi iko karibu 1, musi (matela ya mousse, kama sifongo) ngumu ya kukunja, ile haiingiake maji, iko karibu 2, njo kusema musi nyembamba inaweza kushinda hewa ya sentimetre 8! Kwa Nyiragongo mimi ningetafuta 3 ao 4.

Na R zinajumlishwa, tandika musi chini, ya kupuliza juu, unapata 3. Tena musi haitobokake na mawe ya volkano.