Profesa Child hakwenda kijijini

Juma lililopita nilikaa kwenye semina nikamsikiliza kijana mmoja, hodari kwa mengine yote, akieleza jinsi Francis James Child, profesa wa Marekani aliyekusanya baladi (nyimbo za kale zinazosimulia kisa) za Uingereza na Uskoti, "alivyozunguka vijiji vya Uskoti akinukuu nyimbo vinywani mwa vikongwe." Nilinyamaza. Ni mara ya nne mwaka huu, na wenzangu wameanza kunikwepa wakati wa chai. Yule mwingine aliyeandika kwenye insha kwamba baladi za Child ni nyimbo za watoto nimemsamehe, kosa lake ni la kamusi tu: katafsiri jina la ukoo la mtu. Huyu wa vijijini ndiye anayenikosesha usingizi, maana uongo wake unapendeza.

Basi niseme mara moja. Child hakuwa mtu wa uwandani. Alizaliwa Boston mwaka 1825, baba yake fundi wa matanga ya meli. Akamaliza Harvard 1846, akaenda kusoma Göttingen na Berlin, akarudi 1851 kushika kiti cha balagha palepale Harvard. Miaka 25 iliyofuata akasahihisha insha za wanafunzi. Walimu, mnaijua adhabu hiyo. Mwaka 1876 chuo kipya cha Johns Hopkins kikamtaka, ndipo Harvard wakashtuka, wakamtua mzigo wa insha na kumpa uprofesa wa Kiingereza, wa kwanza pale. Wanafunzi walimwita Stubby kwa ufupi na unene wake. Akipata nafasi alikuwa bustanini na waridi zake. Wasifu uishie hapo.

Kazi yenyewe, baladi 305 katika sehemu kumi, ilitoka kati ya 1882 na 1898. Child alikufa 1896, na mwanafunzi wake George Lyman Kittredge ndiye aliyeifikisha mwisho. Na kazi hiyo imejengwa na posta. Ndiyo, posta! Mzee kaketi Massachusetts, bahasha zinavuka Atlantiki kwa meli.

Kule Edinburgh alikuwapo William Macmath, karani wa ofisi ya sheria. Mkate wake ulitoka kwenye hati za mawakili. Muda uliobaki aliutumia kutafuta miswada ya baladi kwenye nyumba za wenyewe na kumnakilia Child, kosa la mwandishi wa kwanza likibaki kosa. Kama kuna mtu aliyetembea kwa ajili ya kitabu kile, ni huyu, na aliyoyafuata yalikuwa makaratasi. London alikuwapo Furnivall, mhariri wa maandishi ya kale, ambaye Child alimsukuma hadi muswada wa nyimbo za kale wa Askofu Percy, mkusanyaji wa karne ya 18, ukachapishwa 1867 na 1868. Ndio ule ambao Percy alisimulia kuwa aliuokota sakafuni, chini ya kabati, nyumbani kwa rafiki yake huko Shifnal, watumishi wakiuchana kuwashia moto. Child akakitabaruku kitabu chake kwa Furnivall na kusema wazi kwamba bila muswada huo asingethubutu mtu kukusanya baladi za Kiingereza.

Lakini barua ninazozirudia mimi ni za Copenhagen. Child na Svend Grundtvig waliandikiana kuanzia 1872 hadi Grundtvig alipofariki 1883. Mdenmaki huyu alikuwa akichapisha baladi za kwao tangu 1853 kwa kanuni iliyowaudhi wengi: toa kila toleo lililopo, kama lilivyo, usishone matatu ukapata moja zuri. Child alikwisha kutoa mkusanyiko wake wa kwanza, juzuu nane, 1857 hadi 1859, akitegemea zaidi vitabu vya wengine, na hakuridhika nao. Sasa anauliza kama mwanafunzi: baladi hizi nizipange vipi? Grundtvig akamtumia orodha nzima aliyoipanga mwenyewe.

Ndipo tunafika kwenye kinachonichoma. Watu husema "Child 84A", yaani baladi ya 84 kitabuni mwa Child, matini yenye herufi A, kana kwamba A ni baba na B ni mtoto. Herufi zile si vyeo! Namba 84 ni Barbara Allen. Matini A imetoka kwenye kitabu cha Allan Ramsay cha 1740: ni karibu na sikukuu ya Mtakatifu Martin, Novemba, majani yanapukutika, na Sir John Graeme anampenda Barbara. Matini B imetoka kwenye karatasi za kuuzwa barabarani. Humo ni Mei, majani yanachipua, mji unaitwa Scarlet Town. Tena anayesimulia anaanza na "mimi", huyo binti nimemchagua awe wangu, halafu ubeti wa pili "mimi" katoweka, tunaambiwa habari za "kijana huyu" aliyelala akingoja kufa. Fundi wa kushona angeuziba ufa huo kwa dakika mbili. Child kauacha wazi, nawe ukiusoma unaona nyimbo mbili, au midomo miwili, zimegongana mahali fulani. Na Samuel Pepys, Mwingereza wa London, aliandika kwenye shajara yake Januari 1666 kwamba amesikia wimbo mdogo wa Kiskoti wa Barbary Allen. Ulikuwa wa Novemba au wa Mei? Herufi A haikupi jibu.

Haki itendeke: Child hakudharau midomo ya watu. Alitawanya maombi ya maandishi, Marekani na Uingereza, ili wenye nyimbo vichwani wamtumie. Chache zilifika, na baadhi ya matini za baladi ya Lord Randal kitabuni zimetoka Massachusetts kwake. Mavuno aliyaona haba. Mimi hapo namtilia shaka. Ukiomba wimbo kwa barua, utajibiwa na anayejua kuandika barua, na mpishi wake aliyeujua wimbo wote atabaki jikoni.

Shaka ya pili ni hizo 305 zenyewe, zinazosomwa siku hizi kama msahafu. Fungua namba 304, Young Ronald. Child anakiri kwamba msomaji akihisi akili yake imetukanwa kwa kuwekewa kitu kama hicho, yeye hana ugomvi naye. Anasema kwa hiki na vingine si vichache alimeza kinyaa chake, kwa uwezekano wa mbali kwamba ndani mna mabaki ya kitu bora zaidi. Mwenyewe kasema! Na utangulizi mkubwa wa kueleza baladi ni nini hasa hakuuandika, kifo kilimtangulia. Nimefundisha somo hili miaka mingi bila fasili ninayoweza kuitetea mbele ya mwanafunzi mkorofi.

Niliwahi kuitafuta kwenye barua zake kwa Emily Tuckerman, binti aliyekuwa rafiki yake uzeeni, zilizochapishwa 1920. Mtu huropoka ukweli kwa marafiki, nikasema. Nikakesha nazo na kalamu mkononi, nikapata waridi, na waridi, na waridi tena.