Dai la ardhi bila mtafiti halifiki popote

Kazi yangu ni kuchimbua rikodi za ardhi, nasaidia familia na vikundi vya maskwota hapa Mombasa kupanga madai yao ya dhulma za zamani, na kuna jambo moja kwenye mikutano huwa haliguswi. Watu wengi wanaamini ukishapeleka dai Tume ya Taifa ya Ardhi basi kuna mtu ameketi huko analichunguza. Jamani, huo uchunguzi ndio kazi yenyewe, na ndio serikali haijautengea watu wala pesa za kutosha.

Sheria ipo. Kifungu cha 15 cha sheria ya Tume, baada ya marekebisho ya 2016, kinabeba dhulma za kuanzia 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010, na mdai si lazima awe alikuwa na hati, hata aliyekuwa akiishi tu pale anakubaliwa. Lakini athibitishe. Sasa athibitishe na nini?

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilileta sheria ya hati huku Pwani, kila mwenye ardhi akatakiwa aende kwa msajili akaidai, isiyodaiwa ikawa ya Taji, yaani ya dola ya Uingereza. Wamijikenda walikuwa wanamiliki kwa ukoo, wengi hawakuandikwa popote, na baada ya uhuru ile ardhi ya Taji ikawa ya serikali halafu ikaanza kugawiwa watu wengine kabisa. Kwa hiyo mzee wa Likoni anayesema hapa pamezikwa babu zake anaweza kuwa mkweli kabisa na jina lake kwenye rejista usilione.

Na hata penye karatasi si rahisi. Kuna hati za zamani zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, mipaka yake haina mita wala namba ya ploti, utasoma mashariki bahari, kusini shamba la fulani bin fulani, kaskazini njia ya kisimani, na leo hiyo njia iko chini ya maghorofa, kisima kilishafukiwa zamani. Inabidi umpate anayesoma hizo herufi, umpate seveya, mtafute picha zilizopigwa kutoka angani kwa ndege kabla ya uhuru, kisha mtembee na mzee anayejua kisima kilikuwa wapi. Halafu kuna minazi, manake huku kwetu mnazi waweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, ukiiona risiti ya kuuziwa minazi usikimbilie kusema umepata mwenye shamba. Mtu aliyeletwa kutoka ofisi ya mbali kwa siku mbili hawezi kuyajua haya.

Afrika Kusini wamepitia njia hii. Dirisha lao la madai ya ardhi lilifungwa 31 Desemba 1998 na madai karibu 80,000, wakalifungua tena 2014, mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ikasimamisha madai mapya, ikasema ya zamani yamalizwe kwanza. Huku kwetu miaka mitano ya kupeleka madai iliisha 2021 na kelele zikawa muda uongezwe. Mimi pia nilitaka uongezwe, kuna watu hawakusikia kabisa, lakini bila watafiti tutaongeza mafaili tu.

Ninachotaka ni timu ikae hapa hapa Pwani, msoma khati, yaani hizo herufi za Kiarabu (Mji wa Kale wapo, waajiriwe), seveya, mtu wa kuhoji wazee kwa Kidigo na Kigiriama, na ruhusa ya kufungua mafaili bila kuzungushwa. Na wachunguze eneo zima kwa mara moja badala ya dai moja moja, kwa sababu mara nyingi familia kadhaa zinadai sehemu ile ile na ushahidi wa mmoja ndio unamfafanua mwenzake. Wazee wahojiwe kwanza kabla ya kitu kingine chochote, karatasi itasubiri, wao hawatasubiri.

Wewe mwenye karatasi nyumbani, risiti ya kodi ya shamba, barua ya chifu, hati ya kadhi, piga picha pande zote mbili maana nyuma ndio huwa na mihuri, andika ilitoka kwa nani, na tafadhali usiilaminishe.