Kikohozi kinachotoka tumboni

Fomu nyingi za eksirei zinazofika mezani kwangu hapa Malindi huwa na maneno machache mno: "Kifua. Kikohozi. TB?" Siwalaumu matabibu wanaoziandika. Foleni ni ndefu, TB ipo kweli, na anayeishuku kwa mtu aliyekohoa wiki mbili au zaidi amefanya kazi yake sawasawa. Shida huanza pale makohozi yanapopimwa yakarudi safi, mgonjwa akamaliza dawa za nimonia, akamaliza na za pumu, kisha fomu nyingine ikaja na maneno yale yale.

Picha ya mtu wa namna hiyo mimi huianza kuitazama kutoka chini. Sehemu kubwa ya eksirei ya kifua ni mapafu na moyo, na jicho hukimbilia huko. Lakini ukingo wake wa chini umebeba kiwambo, ule msuli mwembamba unaotenga kifua na tumbo. Chini yake upande wa kulia kuna ini, na upande wa kushoto kuna kiputo cheusi cha hewa iliyomo ndani ya mfuko wa tumbo. Umio nao hupita kifuani kote, nyuma ya moyo, ndipo upenye kiwambo. Kwa hiyo ugonjwa wa njia ya chakula unaweza kumkohoza mtu, na ugonjwa wa ini ukamuuma begani. Maradhi haya huhesabiwa kuwa nadra. Mimi naona baadhi yake ni nadra kwa sababu tu yametibiwa kwa majina ya maradhi mengine.

Chukua akalasia. Mwisho wa umio kuna msuli wa mviringo ambao kawaida umebana ili asidi na chakula visirudi juu, na hulegea kila tunapomeza. Kwa mwenye akalasia, seli za neva zinazouamuru msuli huo ulegee zimekufa, na umio wenyewe umepoteza nguvu ya kusukuma. Mlango unabaki umefungwa. Chakula kinarundikana juu yake, umio unatanuka mwaka baada ya mwaka, na usiku mgonjwa akilala chali kilichomo humwagikia kwenye mapafu. Katika nchi zilizofanya hesabu, hupatikana mgonjwa mpya 1 hivi kwa watu 100,000 kila mwaka, wanawake kwa wanaume.

Mgonjwa nitakayemtaja nimemuunga kutokana na wagonjwa kadhaa, asitambulike mtu. Ni mama wa makamo, amekonda, anakohoa usiku, na kwa muda mrefu amekuwa akimeza vidonge vya vidonda vya tumbo kwa sababu husema kifua kinamwaka na chakula kinamrudi. Kwenye eksirei yake, pafu la kulia lilikuwa na kivuli hafifu upande wa chini, na hicho ndicho kilichomfanya aandikiwe nimonia kila mara. Lakini nyuma ya moyo kulikuwa na mstari mnyoofu uliolala, weusi juu yake na weupe chini. Mstari wa aina hiyo mwilini huchorwa na majimaji yaliyokutana na hewa. Na kile kiputo cha mfuko wa tumbo hakikuwapo, kwa sababu hewa anayomeza haifiki huko.

"Mama, ukila wali unashuka vizuri?"

"Haushuki, mwanangu, mpaka niusukume na maji."

"Na maji yenyewe?"

"Siku nyingine nayo husimama hapa." Akaweka kidole katikati ya kidari.

"Kikirudi kina uchachu?"

"Hakina. Hurudi wali vile vile nilivyoumeza. Nikiamka asubuhi mto umeloa."

Majibu hayo yana uzito sawa na picha. Saratani ya umio, ambayo Kenya inayo kwa wingi kuliko nchi nyingi, kwa kawaida huanza kuzuia vigumu: nyama, sima, mkate. Baadaye huzuia uji, mwisho maji. Akalasia huelekea kuvizuia vyote viwili tangu mapema, na kinachorudi hakina uchachu kwa kuwa hakijawahi kuonja asidi ya tumbo.

Kipimo kinachofuata ni cha kunywa bariamu. Ni unga mweupe uliokorogwa na maji, una ladha ya chokaa, na hakuna aliyewahi kuniomba kikombe cha pili. Bariamu huzuia miale, kwa hiyo njia inapopita huonekana nyeupe. Mgonjwa anakunywa akiwa amesimama, nasi tunapiga picha dakika ya 1, ya 2 na ya 5, tukipima urefu wa kilichobaki. Kwa mtu mzima wa afya huwa kimeshuka mapema. Kwa mama huyu kilisimama pale pale hadi mwisho, juu kipana, chini kimechongoka taratibu kuishia ncha nyembamba laini. Sisi wa kazi hii umbo hilo tunaliita mdomo wa ndege.

Ulaini wa ncha hiyo ndio ninaoutafuta. Ikiwa ina mikwaruzo, imepinda upande mmoja, au imekatika ghafla kama ina mabega, wazo langu linahamia kwenye saratani. Na hata ikiwa laini bado nitaandika kwenye ripoti kwamba afanyiwe endoskopi, yaani apitishiwe kamera kooni hadi tumboni, kwa sababu uvimbe uliojificha kwenye maungio ya umio na tumbo huweza kuiga akalasia vizuri kabisa, hasa kwa mzee ambaye dalili zimemuanza miezi michache tu iliyopita na amepungua uzito kwa kasi. Jambo hili lina pande mbili, maana endoskopi peke yake huweza kuikosa akalasia changa: kamera inapita, ukuta unaonekana mzima, na mgonjwa anarudishwa nyumbani na vidonge. Vidonge hivyo haviufungui msuli. Kinachoufungua ni kuutanua kwa puto, au kuukata: kwa upasuaji ambao Ernst Heller aliuanza Ujerumani mwaka 1913, au kwa kupitia ndani ya umio wenyewe, njia iliyoanzia Japani mwaka 2008.

Watu huniuliza kama bariamu ni sumu. Baadhi ya chumvi zake ni sumu kweli, na kabonati yake imewahi kutumika kuulia panya. Tunayowanywesha ni salfeti, ambayo haiyeyuki, kwa hiyo haiingii kwenye damu. Hutoka ilivyoingia, choo kikawa cheupe siku kadhaa, na ukinywa maji mengi haitakufungia. Tunapoiogopa ni pale tunaposhuku kwamba umio au utumbo umetoboka, kwa sababu ikimwagika nje ya njia yake huzivimbisha vibaya nyama inazozigusa. Hapo tunatumia dawa ya ayodini inayoyeyuka. Lakini nayo ile ya zamani, iliyo kolezi sana, ikiingia mapafuni mwa mtu anayepaliwa huvuta maji mwilini na kuyajaza mapafu. Nikimuuliza mgonjwa kama hupaliwa, basi, naamua atakunywa nini.

Kuna na kiwambo chenyewe kilichochanika. Huku kwetu kwenye minazi, mgema huteleza akaanguka. Barabarani kuna bodaboda. Tumbo likigongwa kwa nguvu, shinikizo hupanda ghafla na kiwambo huweza kupasuka, mara nyingi upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia una ini la kukinga. Mbavu zinapona, mtu anarudi kazini. Baada ya miezi, pengine miaka, mfuko wa tumbo unajipenyeza kwenye tundu na kupanda kifuani. Anakuja akihema, na akishashiba hali huzidi. Picha inaonyesha uwazi mkubwa wa hewa na maji upande wa kushoto wa kifua, na kila aliyefundishwa huduma ya dharura atataka kuingiza mrija wa kutoa hewa mbavuni. Mrija huo ungetoboa tumbo. Njia ya kujihakikishia ni rahisi na haihitaji mashine ya mamilioni: pitisha mpira wa kulishia puani, kisha piga eksirei nyingine. Ncha yake ikionekana imejikunja kifuani, umepata jibu kabla ya kumpeleka mgonjwa Mombasa. Sharti mtu aulizwe kama aliwahi kuanguka, na aulizwe mara mbili, maana ajali ya miaka mitatu nyuma ambayo hakulazwa yeye haihesabu.

Upande wa kulia mshukiwa wangu ni jipu la ini linaloletwa na amiba. Huwapata wanaume zaidi. Wengi hawana kuharisha wanapofika, kwa hiyo hakuna anayefikiria tumbo. Wana homa, maumivu ya mbavu za kulia yanayopanda begani, na eksirei yenye kiwambo kilichoinuka pamoja na maji kidogo juu yake. Huandikiwa nimonia. Iltrasaundi hulionyesha jipu lenyewe kwa dakika chache. Likiachwa huweza kupasukia kifuani, na mgonjwa akakohoa usaha wa rangi ya kahawia uliotoka kwenye ini. Ukiona ini limepakana na kivuli cha pafu, weka mashine ya iltrasaundi juu yake. Sioni sababu ya kungoja.

Ugonjwa unaofuata hautoki tumboni, ila una asili hapa hapa pwani, nami siwezi kuuruka. Kilifi, Tana River, Lamu na Kwale zote zimo katika ukanda wa matende na mabusha, ambayo huletwa na vimelea wanaosambazwa na mbu. Kwa watu wachache mwili huwachukia vimelea hao kupita kiasi. Watoto wao, ambao kawaida huogelea kwenye damu nyakati za usiku, hunaswa na kuuawa ndani ya mapafu, na vita hivyo ndivyo vinavyomuumiza mtu. Hukohoa usiku kucha, kifua kinapiga filimbi, uzito unashuka. Mguu haujavimba wala hana busha. Eksirei ina vidoa vidogo vidogo vilivyotawanyika, na daktari akiviona huwaza TB iliyosambaa, au akisikia filimbi huwaza pumu.

Hapa picha peke yake hainisaidii, na anayedai anaweza kuvitofautisha vidoa hivyo kwa macho asikuhadae. Kinachosaidia ni hesabu ya seli za damu. Zipo seli nyeupe ziitwazo eosinofili. Kwa mtu wa kawaida huwa chini ya 500 kwa mikrolita moja, na katika ugonjwa huu hupita 3,000. Damu inayochukuliwa usiku kuwatafuta vimelea kwa kawaida hurudi haina kitu, kwa sababu wameshafia mapafuni, na hapo ndipo wengi huufuta ugonjwa huu kwenye orodha. Ukitibiwa mapema kwa dawa ya vimelea hao, chini ya uangalizi wa daktari, nafuu huja haraka na hilo nalo ni sehemu ya ushahidi. Ukiachwa miaka, mapafu hushika makovu.

Minyoo ya kawaida ya tumbo nayo hupitia mapafuni ikiwa michanga, kabla ya kumezwa tena na kukomaa utumboni. Huacha vivuli vinavyohama: leo juu kulia, wiki ijayo chini kushoto. Choo kikipimwa wakati huo hakina mayai, kwani minyoo huchukua miezi 2 au 3 kuanza kutaga. Rudia picha, subiri, pima damu.

Mengine niyapitie mbio. Utumbo mpana unaweza kujipachika kati ya ini na kiwambo, ukaonekana ni hewa iliyotoka kwenye utumbo uliotoboka. Daktari Demetrius Chilaiditi aliieleza hali hiyo mwaka 1910, na mikunjo ya utumbo ikionekana ndani ya weusi ule hakuna haja ya kumkimbiza mtu kwenye upasuaji. Na mtu mmoja hivi katika 10,000 ana viungo vilivyogeuka, moyo kulia na ini kushoto. Kabla ya kumtangazia hayo, hakikisha mpiga picha hakuweka alama ya kushoto upande wa kulia.

Siku hizi zipo programu za kompyuta zinazosoma eksirei kutafuta TB, na Shirika la Afya Duniani lilizikubali mwaka 2021 kwa watu wa miaka 15 kwenda juu. Nazipenda, hasa kwa visiwa kama Pate na Kiwayuu ambako huwezi kumweka daktari wa radiolojia. Ila zinajibu swali moja. Zikitoa alama ndogo maana yake ni kwamba TB haielekei kuwapo; kuhusu akalasia hazikuulizwa. Ndiyo maana nasisitiza fomu iandikwe: anapaliwa, aliwahi kuanguka, kinachorudi kina uchachu au hakina, anaishi wapi.

Kuhusu miale, eksirei moja ya kifua huwa na milisiverti (kizio cha kupimia miale inayoingia mwilini) 0.1 au chini ya hapo, na siti skani ya kifua huwa na takriban 6 au 7. Mwanadamu hupokea wastani wa 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini, angani na kwenye chakula chake, na walio karibu na kilima cha Mrima kule Kwale hupokea zaidi kwa sababu ya mawe yake. Kwa hiyo sikatai siti skani pale swali linapoihitaji, kiwambo kilichochanika kikiwa mfano, lakini siipigi kwa sababu tu ipo.

Mkija, njooni na picha zenu za zamani, hata ya miaka 5 iliyopita iliyopigwa kwa ajili ya kazi ya Uarabuni. Kivuli ambacho kilikuwapo wakati ule na hakijabadilika si kivuli cha kukupasua nacho kesho. Filamu msizikunje, na zile CD andikeni jina juu yake.