Si kila chakula hunyang'anywa Ulaya

Wengi huamini kwamba chakula chochote kitanyang'anywa kwenye viwanja vya ndege vya Ulaya, hivyo mwenyeji wao wa huko hupelekewa zawadi ya kinyago. Si kweli. Kinachokatazwa na Umoja wa Ulaya kwa abiria watokao nchi zetu ni nyama na vitu vya maziwa, samli ikiwemo, hata iwe ya bibi. Tangu Desemba 2019 matunda mabichi mengi, embe mojawapo, hudaiwa cheti cha afya ya mimea. Nazi, nanasi, ndizi na tende hazidaiwi. Asali mwisho kilo 2. Kahawa iliyokaangwa, majani ya chai, karafuu na iliki kavu hupita, na mwenyeji apendaye kupika atavifurahia kuliko kinyago kingine cha sebuleni.