Uso wa Karloff haukuwa kinyago

Wengi huamini kwamba lile zimwi la filamu ya Frankenstein ya mwaka 1931 lilivaa kinyago cha mpira. Sivyo. Jack Pierce, fundi wa mekapu wa studio ya filamu ya Universal, aliujenga uso ule upya kila siku ya kazi juu ya ngozi ya Boris Karloff, mwigizaji wa zimwi hilo: tabaka za pamba zilizoshikamanishwa kwa kolodioni, kimiminika chenye harufu kali kinachokauka kuwa utando. Ilichukua takriban saa 4. Ndiyo maana uso unacheza, unaumia, unaomba huruma, kinyago kisingeweza. Kope nzito ni nta, wazo la Karloff mwenyewe, aliyeona macho yake yana uhai mno. Na shavu lililobonyea? Alitoa tu meno yake ya bandia ya upande mmoja.