Mafuta Laini ya Mwanakondoo: Angalia Kwanza Anachokula

Malalamiko yanayotufikia yanafanana: mzoga wa mwanakondoo umepoa kabisa, lakini mafuta ya mgongoni bado yanabonyea kidoleni na kuteleza. Mlalamikaji huwa tayari ameshaamua kwamba mnyama alichomwa dawa za kunenepesha. Dhana hiyo tumeijibu mara nyingi. Chanzo cha kawaida ni nafaka.

Kwenye rumeni, yaani tumbo la kwanza na kubwa la kondoo, bakteria hugeuza sehemu kubwa ya mafuta ya majani kuwa mafuta yaliyoshiba, yaani yanayoganda kirahisi, ndiyo maana mafuta ya kondoo huganda haraka. Shayiri au mahindi yakizidi, hasa yaliyosagwa, uchachukaji huzalisha propionati (aina ya asidi) nyingi kuliko ini linavyoweza kuitumia. Ziada yake huishia kwenye asidi za mafuta zenye matawi, ambazo huyeyuka kwa joto dogo. Madume yasiyohasiwa huathirika zaidi. Kondoo hutafuna vizuri. Mpeni nafaka nzima, pamoja na nyasi kavu za kutosha. Kumsagia ni kulipia tatizo.

Mwanakondoo wa malishoni huwa na mafuta ya omega-3 mengi zaidi, na vitamini E ya majani mabichi huchelewesha mafuta kuchacha. Nyama yake pia hunukia kwa nguvu zaidi, jambo ambalo baadhi ya walaji hawalipendi, na hiyo si kasoro ya usafi.

Anayetaka tupime sampuli afuate utaratibu. Mzoga ukae kwenye baridi saa 24 kwanza. Mafuta yakatwe mgongoni, usawa wa ubavu wa 12 na wa 13. Msituletee mafuta ya figo, kwani hayo ni magumu kwa asili na hayatatuonyesha kitu. Sampuli ifungwe bila hewa, ikae gizani kwenye baridi, iandikwe namba ya kundi. Fomu ionyeshe aina ya nafaka, kama ilisagwa, muda wa kulishwa, jinsia ya mnyama na tarehe ya kuachishwa ziwa. Fomu yenye pengo itarudishwa, hata kama sampuli ni nzuri.

Mafuta laini peke yake hayaifanyi nyama kuwa hatari. Yanaweza kushusha daraja na bei. Mafuta ya njano ni suala jingine. Kondoo hahifadhi rangi ya majani kwenye mafuta kama ng'ombe, hivyo unjano huashiria uwezekano wa ugonjwa wa manjano, yaani rangi ya nyongo kujaa mwilini, na mkaguzi ana wajibu wa kuuzuia mzoga mpaka ajiridhishe. Chanzo kimoja ni sumu ya shaba kwa kondoo aliyelishwa chakula cha nguruwe au kuku. Kwa nini bado tunalazimika kulirudia hili? Madini yanayomfaa nguruwe huharibu ini la kondoo.

Anayeanza kulisha nafaka aiongeze kidogo kidogo kwa wiki mbili hadi tatu. Akiimwaga yote siku moja, tumbo litajaa asidi, na mnyama anaweza kufa kabla hajafika machinjioni.